Wawili Juu ya Baiskeli Moja

Kanuni za usalama wa wajitolea wetu niliziandika mimi, kwa mkono wangu, siku mbili mfululizo, blanketi likiwa magotini kwa sababu ya baridi ya Sumbawanga ya mwezi wa saba. Ziko kumi na moja. Zilichapwa, zikapigwa mhuri, zikabandikwa ukutani ofisini, na wageni waliofika walisimama mbele yake wakazisoma wakanisifu. Nilizionea fahari kuliko cheti changu cha ualimu. Siku hizi nikiingia pale nageuzia uso upande wa dirisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilizaliwa Chala, nikafundisha shule za vijijini mpaka nywele zikabadilika rangi, na nilipostaafu nikahamia mjini. Haikupita muda nikaombwa nisimamie wajitolea wa kikundi kinachosaidia wagonjwa wa majumbani na wazee wasiojiweza. Jina la kikundi silitaji, kimeshatajwa vya kutosha kwenye mabango yake. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: mtu wa kijijini anakwenda kwa jirani asiyeweza kuinuka, anamwogesha, anamgeuza, anamkorogea uji, anahakikisha amemeza dawa. Halipwi. Anapewa reflekta ya kuvaa, begi lenye sabuni na glavu, na maneno mazuri mengi.

Kabla hatujaja sisi, kazi hiyo ilikuwa inafanyika. Hilo ndilo jambo watu wa ofisi hatupendi kulisikia. Katika kijiji kimoja cha upande wa barabara ya Chala alikuwapo mama mmoja wa miaka thelathini na kitu, mke wa mkulima wa mahindi na ulezi, mwenye watoto wanne. Kwa miaka mitatu alikuwa akienda kwa miguu, kila Jumanne na Ijumaa, kumwogesha bibi mmoja kipofu aliyepooza upande mmoja wa mwili, akiishi na mjukuu anayeshinda shambani. Ni mwendo wa saa nzima kwa njia ya mashambani. Bibi hakuwa ndugu yake. Alikuwa mkunga wa jadi wakati macho yake yakiona, na ndiye aliyempokea mtoto wa kwanza wa huyo mama, basi. Mama alikwenda peke yake na fimbo ya mbwa, na mbwa wenyewe walikuwa wameshamzoea. Mume alijua, mama mkwe alijua, na watu wote wa njia ile walijua kwamba leo ni Jumanne, anakwenda kwa bibi. Hakuna aliyemsema.

Tukamwandikisha. Tukampa reflekta, tukampiga picha akiwa ameivaa, na tangu siku hiyo akawa mjitolea wetu. Sabuni, mafuta ya kupaka vidonda na pamba vikawa vinatoka kwetu, na lazima niseme vilimsaidia bibi. Nalisema hilo nikitafuta jambo moja la kujitetea, na silipati jingine.

Sasa ikatokea kwamba mjitolea mmoja wa bondeni, upande wa Muze, msichana, alikimbizwa na mlevi njiani akaanguka akavunjika jino. Tulimshukuru Mungu kwamba halikuwa kubwa zaidi ya hapo. Wafadhili waliposikia wakaandika barua wakiuliza tuna utaratibu gani wa kuwalinda wanaojitolea. Hatukuwa nao. Nikaambiwa niutunge haraka, nami nikautunga kama ninavyotunga mtihani, bila kumuuliza mtahiniwa.

Kanuni ya tatu ndiyo hii: mjitolea asitembee peke yake, waende wawili wawili, na njia ikipita mbali na nyumba za watu, mmoja wao awe mwanaume. Kisha zikaletwa baiskeli. Zilikuwa chache, ikaamuliwa kila jozi ipewe moja. Nani aliamua? Mimi. Kwenye karatasi ilikaa vizuri sana, watu wawili, baiskeli moja, tatizo limekwisha.

Nami ni Mfipa wa kuzaliwa. Najua kabisa kwamba mke wa mtu akikaa kwenye keria ya mwanaume asiye ndugu yake, akapitishwa mchana kweupe mbele ya mashine ya kusaga ambako wanawake wamepanga foleni na madebe yao, habari itafika kwake kabla ya baiskeli. Nilijua nikiwa naandika. Sisemi halikunipitia kichwani. Lilinipitia, likakaa kwa muda wa kumaliza nusu kikombe cha chai, nikalifukuza. Nikajiambia dunia imebadilika na watu wa vijijini wanahitaji kuelimishwa. Ndivyo tusemavyo sisi wa mjini tukiwa hatutaki kuuliza watu wanaishije.

Mafunzo tuliyafanyia darasani, kwenye shule ya kijiji. Huyo mama nilimpanga na fundi seremala mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, mpole, asiyekunywa. Nilimchagua kwa makini, nikaona nimemtendea mwanamke mwenzangu wema. Wakati watu wanakunywa soda akanifuata mezani, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, mimi naomba niendelee kwa miguu."

Nikamuuliza kwa nini. Akatazama sakafu, akasema njia ameizoea. Nikamjibu kwa sauti ya kusikika kwamba hata walevi wameizoea njia hiyohiyo. Wenzake wakacheka, nami nikafurahi kuchekewa, maana mwalimu hustaafu kazi lakini hastaafu ulimi. Akajaribu tena. Akasema basi fundi atangulie na baiskeli, yeye atamfuata nyuma, watakutana kwa bibi. Nikamwambia hapo watakuwa mmoja na mmoja, si wawili, na kwamba kanuni zimewekwa kwa faida yake yeye. Akasema asante. Alinishukuru, yule mama, kwa kitu ambacho alikuwa ametoka kukikataa mara mbili.

Alichofanya baadaye nilikuja kuelezwa na fundi mwenyewe. Walipatana hivi: mama atoke nyumbani kwa miguu, apite mashine ya kusaga, apite nyumba ya mwisho ya kijiji, mpaka kwenye mikaratusi. Fundi anamsubiri pale, anapanda, wanakwenda. Wakirudi, anashuka palepale kwenye mikaratusi, fundi anatangulia, na yeye anafika kijijini baada ya muda akiwa na begi lake mgongoni. Walifanya hivyo kwa heshima. Hawakutaka kumtia mume aibu machoni pa watu, na hawakutaka kuvunja kanuni yangu. Walikuwa wanatutii wote wawili, mimi na mume, na mtu anayetii mabwana wawili hajawahi kupona.

Kwenye mikaratusi ndiko wanawake wanakookota kuni. Mke wa mtu akishuka mlangoni kwake, watu watasema amebebwa. Akishuka kwenye miti, akajikung'uta vumbi, akafunga kitenge upya, kisha mwanaume akatangulia na yeye akabaki nyuma, watu hawahitaji kuambiwa zaidi. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Wiki ya tatu mume alikuwa ameshataniwa kilabuni, kwenye pombe ya ulezi, kwamba mke wake amepata dereva.

Mimi hayo sikuyajua. Mimi nilikuja na pikipiki ya kukodi kufanya ufuatiliaji, nikiwa na faili kwapani. Nikamkuta fundi anaingia kijijini peke yake na baiskeli. Nikasubiri pale mashine, na baada ya kama dakika kumi akatokea mama kwa miguu, reflekta ikiwa imekunjwa ndani ya begi. Nikaandika kwenye daftari kwamba wametengana njiani kinyume cha kanuni ya tatu. Ningeweza kuuliza kwa nini. Kuuliza kusingenichukua muda mrefu kuliko kuandika.

Niliwaita wote wawili, nikawasema kama ninavyosema wanafunzi waliochelewa namba. Kisha nikamgeukia yeye:

"Kuanzia Ijumaa unapandia mlangoni kwako na unashukia mlangoni kwako. Nikisikia tena mmeachana njiani, bibi nitamtafutia mtu mwingine."

Fundi akaanza kusema jambo, nikamwonyesha kiganja. Mama alinitazama kidogo, akasema, "Sawa, mwalimu." Sisi Wafipa tunasifiwa kwa adabu, na wanaotusifu ni wale wanaonufaika nayo. Nilimtisha kwa kitu kimoja tu alichokuwa akikijali katika mambo yetu yote. Yule bibi, kwake, hakuwa jina kwenye orodha, na mimi nilijua hivyo ndiyo maana nikakigusa.

Alitii. Ijumaa alipandia mlangoni, akapita mbele ya mashine na madebe yote yakimtazama, na jioni akashukia mlangoni. Jumanne vilevile. Ijumaa ya pili waliporudi, saa tisa mchana, mume alikuwa amekaa barazani anapukuchua mahindi ya mbegu. Fundi alinisimulia kwamba alikaribishwa vizuri, akapewa kigoda, akaletewa togwa, wakaulizana habari za mvua. Mume alimsindikiza hadi njiani, kwa adabu zake zote. Kisha akarudi ndani akachukua mchi wa kinu.

Alimvunja mkewe mkono wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Watoto walikuwa hawajatoka shule. Kule zahanati mama alisema ameteleza akaanguka, kwa hiyo hakuna aliyemwambia aanzie polisi kuchukua fomu, akafungwa mbao na bandeji akarudishwa nyumbani kwa huyohuyo aliyempiga. Fundi ndiye aliyenipigia simu. Hakunilaumu. Aliniambia tu kilichotokea na kwamba salio lake linakwisha.

Nilikwenda kesho yake. Mume akanipokea, "Shikamoo mwalimu," akaniletea kiti, akakifuta kwa mkono wa shati lake. Aliniacha na mkewe tuzungumze, akaenda kusimama uani, mahali ambapo anasikia. Nikamwambia mama kwa kunong'ona kuhusu dawati la jinsia polisi, kwamba ningempeleka mwenyewe mjini. Akasema ana watoto wanne. Kisha akaniomba kitu kimoja. Kulikuwa kumeitishwa kikao cha pande mbili, kwa sababu mume anadai mkewe ana mwanaume, na mama mkwe anataka arudishwe kwao na watoto wabaki. Akaniomba nije niseme. "Wewe ukisema, watakuamini," akaniambia. "Sema tu ulivyoniambia." Nikamwahidi.

Nilipofika ofisini nikampigia kiongozi wangu, ambaye siku hiyo alikuwa safarini. Aliniuliza ilitokea wapi. Nikasema nyumbani kwake. Akauliza kama daftari la kutoka na kurudi lilikuwa limeshasainiwa. Nikasema ndiyo. Akasema basi si tukio la kazini, tunampa pole lakini si letu. Kuhusu kikao akasema niende, ni vizuri kuonyesha kujali, ila nisitamke neno litakalofanya kikundi kionekane kinagawa wake za watu. Kama tukifukuzwa kijiji kile, alisema, tutafukuzwa na vingine, na wagonjwa ndio watakaoumia. Aliyasema kwa upole sana. Mimi nilikata simu nikaona ana busara.

Kikao kilikaliwa nyumbani kwa baba mkwe, asubuhi, kwenye jua la uani, maana kivulini kulikuwa na baridi. Wazee wa pande mbili walikuwepo, na mwenyekiti wa kitongoji, na fundi aliyekalishwa pembeni kama mshitakiwa, na yeye mama juu ya mkeka, mkono umening'inizwa shingoni kwa kipande cha kanga. Mume hakukana kupiga. Hakuna aliyemuuliza sana kuhusu hilo. Swali lilikuwa moja: mke huyu alikuwa akipanda baiskeli ya mwanaume huyu kwa idhini ya nani? Kwanza kwenye mikaratusi kwa kujificha, kisha hadharani bila haya. Yeye akajibu bila kuinua sauti kwamba aliambiwa na mwalimu, na mwalimu huyu hapa.

Mwenyekiti akanigeukia. "Mwalimu, ni kweli wewe ndiye uliyemwamuru apande baiskeli ya huyu bwana?"

Jibu lilikuwa neno moja. Nikilitamka, mama anasafishika mbele ya watu wote, mume anabaki na mchi wake mkononi bila sababu, na hasira ya ukoo mzima inahamia kwangu na kwa kikundi. Nilikuwa na miaka sitini na mitatu. Nilikuwa na nyumba yangu mjini, pensheni yangu na watoto wanaonipigia simu kila Jumapili. Hakuna hata mmoja pale ambaye angeninyanyulia mkono. Nilichokiogopa ni kuaibika tu, mimi niliyezoea kuwa upande wa ubao.

Nikasema, "Kanuni yetu inasema wawe wawili. Hakuna mahali iliposema wapande baiskeli moja."

Ni kweli tupu. Nenda kaisome ukutani. Fundi alisimama akasema, lakini mwalimu, akaambiwa akae, yeye hana kauli. Mama alinitazama. Sikuona hasira, na ningeiona ningeshukuru. Alinitazama kama anayetaka kuhakikisha kwamba aliyesema ni mimi, kisha akarudisha macho kwenye mkeka.

Wazee waliona wamekuwa na huruma. Hatarudishwa kwao. Ataomba radhi kwa mume na kwa mama mkwe, ataacha mambo ya kikundi, na njia ya kwenda kwa bibi asiikanyage tena. Fundi asionekane karibu na boma lile. Mama akapiga magoti, akataka kuegemea mkono wa kulia, akakumbuka, akaegemea wa kushoto, akaomba radhi. Tukaletewa chai. Niliinywa.

Mwisho wa mwaka niliandaa taarifa. Kwenye sehemu ya usalama niliandika kwamba hakuna mjitolea hata mmoja aliyepata madhara akiwa kazini. Wafadhili wakatupongeza kwa maandishi, wakaomba kanuni zetu wazipeleke kwa vikundi vingine, na kiongozi wangu akaisoma barua hiyo kwenye mkutano, watu wakapiga makofi. Walinigeukia mimi wakipiga.

Kwa bibi hakupatikana mtu. Niliwauliza wanawake wa kijiji mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa na shamba, au mgonjwa wake, au mume. Walinikataa kwa lugha nzuri mno. Fundi alipeleka uji na maji mara kwa mara, lakini mwanaume hawezi kumwogesha bibi wa watu. Mjukuu alikuwa akimfuta uso asubuhi kabla ya kwenda shamba na kumwacha hivyo hadi jioni. Wiki zikaenda, na nilipoambiwa kwamba mgongo wake umeanza kutoa harufu, nikaamua kwenda mwenyewe. Nilikwenda na begi, glavu na sabuni, peke yangu, kwa miguu kutoka barabarani. Hakuna aliyenisumbua njiani.

Nikamkuta amelala juu ya godoro chakavu, uso umegeukia mlango. Alikuwa amekonda. Nikamsalimu, nikamweleza mimi ni nani, akaitikia kwa Kifipa, tukaendelea kwa Kifipa. Nikawasha moto, nikachemsha maji, nikayapoza, nikaweka beseni kando yake. Nikakamua kitambaa, nikamshika bega ili nimgeuze.

"Mikono hii si yake," akasema.

Nikamwambia ndiyo, leo nimekuja mimi.

"Yeye yuko wapi?"

Nikamwambia amesafiri.

"Hawezi kusafiri bila kuniaga."

Niliendelea kushika bega lake bila kumgeuza. Ningeweza kuongeza uongo mwingine juu ya ule, nilikuwa na uzoefu. Lakini alikuwa anasubiri, na sikuwa na pa kutazama, maana hata yeye hakuwa ananitazama. Nikamweleza. Nikamweleza baiskeli, mikaratusi, nilivyomtisha kwamba nitamtafutia bibi mtu mwingine, mchi, na kikao. Nilirudia nilichokisema kikaoni neno kwa neno. Ni yeye peke yake niliyemwambia mpaka leo ninapoandika.



"Toa mkono wako," akasema.

Nikautoa.

"Nifunike, uende."

Nikamwambia kidonda hakijaoshwa, kisipooshwa leo kitaoza. Akasema kidonda ni chake. Aliusukuma mwenyewe mwili wake, kwa ule mkono mmoja unaofanya kazi, mpaka akafaulu kugeuza uso ukutani. Nikamfunika. Nikabeba beseni hadi nje, nikamwaga maji yakiwa bado safi.